Mwanzo wa Kusimamisha Mguu

Mdomo wa Fundi ulikuwa umejaa pini asubuhi ya Jumanne alipogundua kwamba anaibiwa mwanaume, na mwizi mwenyewe amesimama mbele yake, mikono juu, anabanwa kitambaa kiunoni.

Wala hakuingia kama mwizi. Aliingia akinukia vizuri, akasalimia kila mtu, na alipofungua mdomo tu Fundi akamjua, maana sauti ile nani asiyeijua? Alikuwa Mtangazaji, yule dada wa redio anayesoma hadithi fupi kila Jumamosi jioni, watu wakaacha vyombo kwenye maji. Fundi alikuwa shabiki wake wa kufa na kupona. Alimfutia kiti kwa kiganja, akaondoa nguo za wateja wengine mbele ya kioo, akamzungushia mwilini kitambaa cha zambarau alichokuja nacho. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Hakukata nguo ya mtu kabla hajaona kitambaa kinavyomlalia.

"Nataka gauni la heshima, lakini lisinizeeshe," alisema Mtangazaji. "Jumapili naenda kuonwa."

"Kuonwa na nani, mwanangu?" sauti ilitoka kwenye kona. Huyo alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake mama yake Fundi, ambaye kazi yake mle chumbani ilikuwa kushona matundu ya vifungo kwa mkono na kuuliza yasiyomhusu. Zote mbili alizifanya kwa bidii.

"Na mama wa kijana mmoja. Kanipigia simu yeye mwenyewe, tena kaniita mkwe hata hatujaonana." Mtangazaji akacheka, akajifunika uso. "Kijana bado hajanitamkia chochote, lakini mama mtu hawezi kuita bure, au siyo? Msinicheke jamani. Mimi nasoma maneno ya watu mpaka nayachoka, halafu leo nimekuja kushikwa na maneno."

"Maneno gani hayo ya kukushika wewe?" Mama Mdogo hakuwa mtu wa kuachia hapo.

"Ngoja niwaambie, mtanielewa. Nilikuwa ofisini napaka kucha rangi. Akaingia na hadithi yake. Wenzake wote hukurushia karatasi mezani wakaondoka. Yeye hakunipa karatasi. Alisimama palepale mlangoni, akanitamkia mwanzo tu, kwa kichwa. Alisema hivi."

Mtangazaji akashusha pumzi. Ikaja ile sauti ya Jumamosi.

"'Aliporudi nyumbani baada ya miaka saba, viatu alivyoviacha mlangoni vilikuwa bado vipo palepale, na ndani vilikuwa na joto.'"

Mikono ya Fundi ikasimama kiunoni pa mteja. Alihisi vinyweleo vikimsimama mpaka shingoni. Alimwona yule mwanaume mlangoni, mzigo begani, ameinama, mkono ndani ya kiatu chake mwenyewe. Kwenye kona sindano ya Mama Mdogo ilibaki juu, uzi umening'inia.

"Joto la nani?" aliuliza Mama Mdogo.

"Ndiyo hapo sasa!" Mtangazaji alipiga makofi. "Joto la mguu wa nani? Na mimi niliuliza hivyohivyo. Brashi ya kucha ikabaki hewani mpaka rangi ikadondokea mkoba. Doa lenyewe hilo, sitaki hata kulifuta. Na yeye kimya, ananitazama tu. Anakutazama hivi." Akainamisha macho, kisha akayainua polepole, kama mtu anayefungua mlango asijue ndani kuna nani.

Fundi alilijua lile tazamo.

"Anafanya kazi gani huyo?" Mama Mdogo aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua.

"Anaandika mabango ya maduka. Lile la duka la miwani pale kona si mmeliona? Ndiye."

"Aii!" Mtangazaji aliruka.

"Samahani, dada," Fundi alisema kwa meno yaliyobana pini. "Pini imeteleza."

Haikuteleza hata kidogo, na hilo Mama Mdogo alilijua, kwa kuwa alimkazia Fundi macho ya kumwambia ajikaze. Fundi akajikaza. Alibana kitambaa, akaweka alama kwa chaki, akapima mabega, mkono, urefu. Kila alipozungusha utepe wa kupimia kwenye kiuno kile chembamba alijiuliza kama mkono wa mtu mwingine umeshapita hapo. Mteja alipoaga, akaahidi kurudi Ijumaa kulijaribu gauni, Fundi alitoa pini moja moja mdomoni akazichomeka kwenye mto wake. Ulimi ulikuwa na ladha ya chuma.

"Usiseme kitu," alimwambia Mama Mdogo.

"Sijasema."

"Unataka kusema."

"Nataka kusema kwamba yule kijana wako sikumpenda tangu siku ya kwanza. Lakini kwa kuwa umeninyamazisha, nanyamaza."

Yule kijana aliitwa Bango, na jina hilo alipewa na watu wa mtaa mpaka la kuzaliwa likasahaulika. Mchana alipanda ngazi kuandika majina ya maduka. Jioni aliandika hadithi. Na kati ya ngazi na hadithi palikuwa na chumba hiki cha Fundi, pasi yake, cherehani yake ya kukanyaga, na kigoda kilichowekwa karibu na dirisha kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Ilikuwa hivi. Bango aliamini kwamba hadithi fupi hufa au hupona mwanzoni. "Mtu anayepita dukani hana shida na wewe," alikuwa akisema. "Ana njaa, ana haraka, mtoto analia mgongoni. Bango lisilosimamisha mguu wake ni ubao tu. Hadithi nayo ni hivyohivyo." Basi kila akipata mwanzo mpya alikuja kwenye kigoda, akautamka huku Fundi anakanyaga cherehani. Mguu wa Fundi ukiendelea, Bango alichana karatasi. Mguu ukisimama, alikwenda kuimalizia hadithi. Hivyo ndivyo walivyoanza kupendana, na miaka yao yote ilikaa juu ya kanyagio lile. Wengine hupeana maua. Wao walipeana mianzo.

Ndiyo maana Fundi hakuulizwa na moyo wake kama wamelala pamoja, au kama wameshikana mikono. Moyo ulimuuliza jambo moja tu. Mwanzo ule, ule mzuri kuliko yote, kwa nini ulikwenda kule kwanza? Mguu wangu una kasoro gani?

"Kitambaa cha watu hicho!" Mama Mdogo alipiga kelele. Mkasi ulikuwa umeshaingia kwenye zambarau bila kufuata chaki.

Fundi aliuweka mkasi chini. Alikwenda kabatini, akainama mpaka chini kabisa, akagusa kitambaa chake cha kijani kilichokuwa kimekunjwa huko. Alikinunua mwenyewe, akakiweka kwa ajili ya siku ambayo mama yake Bango atamwalika nyumbani. Siku hiyo haikuwahi kufika. Mama yule alikuwa akimwita "yule wa cherehani," na kusema mwanawe anahitaji mtu wa kumvuta juu, vifungo atajishonea mwenyewe.

"Kitaliwa na mende hicho," alisema Mama Mdogo, lakini alisema kwa upole.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, Bango aliingia na kopo lake la rangi mkononi, rangi nyeupe sikioni kama kawaida, na salamu yake ileile ya siku zote.

"Mguu haujambo?"

"Mguu umekufa," Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Umezikwa leo saa tano asubuhi. Dada wa redio ndiye aliyesoma risala."

Bango alisimama. Alimtazama Mama Mdogo, Mama Mdogo akatazama tundu la kifungo.

"Alikuja hapa?"

"Alikuja. Amejaa tele. Kanisomea viatu vyako, vina joto kweli. Doa la rangi ya kucha nimeliona kwa macho yangu. Hongera."

"Fundi, ngoja nikueleze."

"Eleza. Mimi nakanyaga." Na akakanyaga, kwa nguvu, kitambaa kitupu kikipita chini ya sindano. "Eleza mwanzo mzuri lakini, maana siku hizi mianzo mizuri unapeleka kwingine. Huku tunaletewa makombo."

"Siyo makombo."

"Ulimwambia kwa kichwa, mlangoni, macho yako chini, halafu juu. Hayo macho nani alikupa ruhusa ya kwenda nayo ofisini kwa watu?"

Bango alikaa kwenye kigoda. Aliliweka kopo la rangi sakafuni katikati ya miguu yake, akalizungushazungusha.

"Unakumbuka mwanzo niliokusomea kabla ya huu wa viatu?" aliuliza.

"Nakumbuka yote."

"Upi?"

Fundi akapunguza mwendo. "Ule wa yule mama. Wa kusubiri. Ulinitoa machozi karibu."

"Mama yupi?"

"Si yule aliyeambiwa asubiri, la kwanza likauke, halafu... mbali na moto, mbali na watoto. Nilisimama. Nilikwambia maskini, huyo mama kanyang'anywa wanawe."

Bango aliliinua kopo la rangi, akaligeuza, akasoma maandishi madogo ya ubavuni kwa sauti yake ileile ya mianzo, taratibu, kama anamwambia mtu siri:

"'Koroga taratibu mpaka chini kabisa. Usiharakishe. Subiri la kwanza likauke, ndipo upake la pili. Weka mbali na moto, na mbali na watoto.'"

Cherehani ikanyamaza. Kwenye kona Mama Mdogo alitoa mlio wa mtu anayemeza kicheko na sindano kwa pamoja.

"Ulinisomea kopo," Fundi alisema.

"Nilikusomea kopo. Na mguu ukasimama."

"Ulinipa mtihani? Mimi? Ukakaa hapo kwenye kigoda changu, unanichezea shere?"

"Hadithi zangu zinarudi, Fundi! Zote! Zote ambazo mguu wako ulizisimamia, nazipeleka magazetini, zinarudi. Nikaanza kujiuliza. Nikaanza kuutazama mguu. Nikija nimechoka, unasimama. Nikija na homa, unasimama kabla sijamaliza. Wewe husikii ninachosema. Unanisikia mimi."

"Na hilo ni kosa?" Sauti ya Fundi ilikatika katikati. "Nikupende nusu, ili hadithi zako zipone?"

"Siyo kosa. Hakuna mtu amewahi kunipa kitu kama hicho." Alimtazama kwa yale macho, na Fundi akageuza uso haraka kwa kuwa alijua akiyatazama atashindwa kugomba. "Lakini nilihitaji sikio la mtu asiyenipenda. Basi. Nikakumbuka yule dada anasoma hadithi za watu kila wiki, hana habari na mimi, nikasema huyo ndiye."

"Asiyekupenda." Fundi alicheka kicheko kibaya. "Bango, ngazi unapanda, mbele huoni. Unajua gauni hili ni la nini?" Akashika zambarau, akaitikisa mbele ya pua yake. "La kuonwa! Jumapili! Na mama yako! Kaitwa mkwe kwenye simu!"

Bango alibaki mdomo wazi. Ulikuwa mshangao wa kweli, na Fundi, pamoja na wivu wake wote, aliuona kuwa ni wa kweli.

"Mama kaniambia Jumapili kuna wageni, nisichelewe," alisema polepole. "Hakuniambia nani."

"Sasa umejua."

"Lakini yule dada ni mtu wa kazi. Anasikiliza kikazi. Ananikosoa, anasema hapa kata, hapa ongeza."

"Ijumaa anakuja kujaribu gauni." Fundi aliinuka, akalichukua lile kopo, akamkabidhi kifuani. "Na wewe uje. Msomee hili. Mwambie ni mwanzo mpya. Akisema ni upuuzi, basi ni sikio kama ulivyosema, nami nitakaa kimya, umsomee mpaka mchoke. Lakini akisimama..."

"Fundi, hiyo ni dhihaka kwa mtu."

"Mimi ulinidhihaki kwa kopo hilohilo, na nilikuwa mpenzi wako."

Bango aliondoka na kopo lake, na salamu ya kuagana ikabaki mlangoni.

Siku zilizofuata Fundi alishona gauni la mwenzake. Alilishona vizuri, hilo lazima lisemwe. Alitamani kuacha mshono mmoja umelegea, pale begani, utoke wakati wa kumpa mama mkwe mkono. Alifikiria hilo kwa utamu mpaka akajiogopa. Lakini mkono ulioshona tangu usichana ulikataa kuharibu. Upindo ulinyooka, kiuno kikakaa. Kila gauni lilipozidi kupendeza, roho ilizidi kumuuma.

Ijumaa mchana Mtangazaji alilivaa nyuma ya pazia, akatoka. Mama Mdogo akasema, "Mh," na kwa Mama Mdogo hiyo ni sifa kubwa. Gauni lilimkubali mno. Fundi alipiga magoti kurekebisha pindo, na ndipo Bango alipobisha hodi.

Uso wa Mtangazaji uliwaka. Hakujua anamkuta hapo kwa nini, wala hakuuliza. Alijigusa nywele.

"Kumbe na wewe unashonesha hapa!"

"Huwa napita," Bango alisema. Hakumtazama Fundi. Alikuwa ameshika kopo nyuma ya mgongo. "Nina mwanzo mpya. Nilitaka... kama una nafasi."

"Sasa hivi? Nikiwa nimesimama hivi?" Mtangazaji alicheka. "Haya, sema. Nageuka tu nione mgongo unavyokaa, lakini nasikiliza."

Akaanza kugeuka polepole mbele ya kioo, zambarau ikimfuata. Fundi, bado yuko magotini, alishika pindo na kuomba. Aliomba yule dada acheke. Aliomba aseme ni upuuzi. Ajabu, alimwombea adui yake asimpende mtu, na wakati huohuo alitaka sana kuwa amesema kweli.

"'Koroga taratibu mpaka chini kabisa,'" Bango alianza. "'Usiharakishe. Subiri la kwanza likauke...'"

Mtangazaji aliacha kugeuka. Pindo lilitulia mkononi mwa Fundi.

"'...ndipo upake la pili. Weka mbali na moto, na mbali na watoto.'"

Mtangazaji alikuwa amefumba macho.

"Huyu aliwahi kuumizwa," alisema kwa sauti ndogo, siyo ile ya redio. "La kwanza likauke. Ni machozi, au siyo? Mtu mwingine angesema hakuna mhusika, lakini mimi namwona. Endelea, tafadhali."

Fundi aliinua kichwa akautazama uso ule kwenye kioo. Alidhani atafurahi kwa kushinda. Aliona uso wake mwenyewe. Macho yaleyale yaliyofumba, mdomo uleule uliosahau kufunga, upumbavu uleule mtamu aliokuwa nao yeye kwenye cherehani. Wivu ulimchoma upya, na safari hii ulikuja na aibu.

Bango hakuendelea. Alilitoa kopo mgongoni, akaliweka mezani kwenye chaki na mkasi, maandishi yakitazama mbele.

Mtangazaji alifumbua macho. Alisoma. Alisoma tena. Kisha akamtazama Bango, na baada ya Bango akamtazama mwanamke aliyepiga magoti kwenye pindo lake. Akatazama kigoda kilichokaa peke yake dirishani, na tone la rangi nyeupe lililokauka sakafuni mbele yake.

"Ni wewe?" alimuuliza.

"Ni mimi," Fundi alijibu.

"Ungeniambia Jumanne, dada yangu."

"Nilikuwa na pini mdomoni."

Mtangazaji alitaka kucheka, kicheko kikageuka njiani. Alijifuta jicho kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, asiharibu wanja. Bango alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa mikononi.

"Nisamehe," alisema. "Sikupaswa kukufanyia hivi. Na mimi nimepata malipo yangu. Maana basi hata viatu vile ni uongo. Na wewe hukusikia hadithi. Mimi siyo mwandishi. Nina sauti tu."

"Acha kulia kabla ya msiba," ilisema kona.

Wote waligeuka. Mama Mdogo alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, jicho moja limefumba.

"Miaka yote hiyo umekaa hapo unamwaga mianzo," alisema. "Mimi nipo hapahapa, nina masikio mawili. Umewahi kuniuliza? Hakuna hata mmoja ulionisimamisha sindano. Mvua ilikuwa inanyesha, mvua ikaacha kunyesha, palikuwa na kijana mmoja, mara kulikucha. Nilikuwa najiambia mtoto wa dada yangu amepatikana na mtu wa kumchosha. Lakini Jumanne sindano ilisimama. Viatu vina joto. Tena hukusema wewe, alisema huyu, na sikujua ni vyako. Na wewe binafsi sikupendi hata kidogo."

Bango aliinua kichwa taratibu, kama mtu aliyetolewa kwenye maji.

"Kweli, Mama Mdogo?"

"Kwamba sikupendi? Kweli kabisa."

Mtangazaji safari hii alicheka, tena kwa moyo. Alikwenda nyuma ya pazia, akarudi na nguo zake, gauni limekunjwa mkononi. "Viatu vitasomwa kesho jioni kama nilivyopanga," alimwambia Bango bila kumtazama sana. "Kazi ni kazi. Na gauni nitalivaa. Haliwezi kukosa pa kwenda gauni zuri hivi." Mlangoni alimshika Fundi mkono. "Umelishona bila kuliharibu. Mimi nisingeweza."

Bango akatoka kumsindikiza mpaka barabarani. Ilikuwa heshima, na kila mtu mle ndani alijua ni heshima. Lakini barabara iko pale tu, na kumsindikiza mtu hakuchukui muda wote huo. Fundi alisimama dirishani. Hakuona kitu. Akarudi. Akasimama tena. Wanaongea nini? Anamwomba radhi kwa maneno gani, na akishusha macho, anayainua vipi?

"Kaa chini," Mama Mdogo alisema.

Fundi hakukaa. Alikwenda kabatini, akainama mpaka chini, akavuta kitambaa cha kijani, akakitandaza mezani kwa mkono mmoja. Hakuhitaji kupima. Mwili wake mwenyewe aliujua. Mkasi ulipita moja kwa moja, kwa hasira, bila chaki, na haukukosea. Jumapili naenda, alijiambia. Nikialikwa, nisipoalikwa. Nitabisha hodi mwenyewe, huyo mama anione, aniambie usoni kwamba mimi ni wa cherehani, nami nimwambie naam, ndimi.

Bango aliporudi, kanyagio lilikuwa linakwenda mbio. Hakuketi kwenye kigoda. Alipita, akaenda kuchuchumaa mbele ya Mama Mdogo, na Mama Mdogo akarudisha miguu nyuma kama mtu aliyeona paka wa jirani.

"Mama Mdogo, nina mwanzo mmoja. Nisikilize wewe kwanza."

"Sema upesi, nina matundu ya kumaliza."

"'Jumapili ile mama aliandaa meza kwa ajili ya mgeni aliyemchagua yeye. Mwanawe akaingia amemshika mkono mwanamke mwingine, akasema, Mama, umekosea mgeni.'"

Sindano ikasimama. Mama Mdogo alisahau hata kujificha.

"Eh! Na mama akasemaje?"

"Sijui bado," alisema Bango. "Nitajua Jumapili."

Ndipo alipogeuka kumtazama Fundi, macho chini, halafu juu polepole, yale ambayo hayakuwa na ruhusa ya kwenda popote. Alingoja ukimya alioujua, ule unaofuata kanyagio likiachiwa. Haukuja. Mguu uliendelea kukanyaga, tena ulizidi kukaza. Uso wa Bango ulianza kuingia hofu.

"Fundi," alisema. "Mbona husimami?"

"Jumapili ni keshokutwa," Fundi alijibu, akivuta kitambaa cha kijani chini ya sindano, "na mimi sina gauni."